Kura ya Kipsing si haba katika hesabu ya 2027

Neno "kura" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitu kinachotupwa ili bahati iamue baina ya watu. Wengi wetu tungali tunaliwaza hivyo, hasa tunapojadili iwapo Rais William Ruto atarejea Ikulu baada ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Wapo wanaodai kwamba ugumu wa maisha umekwisha kumwangusha. Wapo pia wanaoshikilia kwamba rais aliye madarakani hashindwi nchini Kenya. Madai yote mawili yanafaa kupimwa kwa mizani ya historia.

Ni kweli kwamba tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mnamo Desemba 1991, hakuna rais aliyetetea kiti chake akatangazwa kuwa ameshindwa. Moi alitangazwa mshindi mwaka 1992 na 1997, Kibaki mwaka 2007, na Uhuru Kenyatta mwaka 2017, baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ushindi wake wa kwanza na uchaguzi kurudiwa.

Hata hivyo, si uchumi uliowaokoa. Mwaka 1992 wafadhili walikuwa wamesitisha misaada, na noti ya shilingi 500 ilienea wakati wa kampeni hata wananchi wakaibatiza "jirongo". Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Moi alishinda kwa asilimia 36 tu ya kura, kwa sababu Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga waligawana sehemu kubwa iliyosalia. Kibaki, kwa upande wake, aliingia katika uchaguzi wa 2007 uchumi ukikua kwa karibu asilimia 7, lakini matokeo yake yalipingwa, na ghasia zilizofuata zikaangamiza zaidi ya watu elfu moja. Kama shibe peke yake ndiyo inayochagua rais, mambo yangekuwa kinyume.

Kinga ya Moi ilikuwa mgawanyiko wa wapinzani wake pamoja na sheria ya wakati huo. Mshindi alihitaji kuwatangulia wenzake, na kupata robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya 2010 imeiondoa kinga hiyo. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asipotimiza hayo, wawili wa kwanza huenda duru ya pili. Wapinzani waliotengana katika duru ya kwanza wanaweza kukutana katika ya pili.

Wenzetu wa Malawi wamelionja jambo hili. Mwaka 2019 Rais Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei. Mahakama iliyafuta matokeo hayo Februari 2020 na kuagiza kwamba mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Wapinzani waliungana, na Mutharika akashindwa na Lazarus Chakwera mwezi Juni. Miaka mitano baadaye, bei zikiwa zimepanda na mafuta yakiadimika, Chakwera naye aliangushwa na Mutharika.

Ruto alipata asilimia 50.49 mwaka 2022, akimpita Raila Odinga kwa kura zipatazo 233,000. Huo ni ukingo mwembamba. Baada ya hapo yakaja maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyofika ndani ya Bunge Juni 25, 2024, na Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Oktoba mwaka huohuo naibu wake, Rigathi Gachagua, aling'olewa, na pamoja naye ukatikisika ule muungano uliojenga nusu ya 2022. Mkataba wa Machi 2025 kati ya Rais na Raila ulikuwa juhudi ya kuziba pengo hilo, lakini Raila aliaga dunia Oktoba 2025. Anayehesabu nusu ya nchi sasa hana budi kutafuta kura hata mahali ambapo misafara ya kampeni haikuzoea kufika.

Mahali pamoja ni Kipsing, katika wadi ya Oldonyiro, kaunti ya Isiolo. Nikiwa huko katika utafiti wa lugha, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kura ya hapa hufika Nairobi?" Nilimjibu, "Mzee, hufika, na ina uzito kuliko unavyodhani." Katika enzi ya mikoa, Isiolo ilimezwa na Mkoa wa Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Meru na Embu. Leo ni kaunti kamili. Mwaka 2022 wapigakura wake waliosajiliwa hawakufika laki moja, ilhali wa Nairobi walizidi milioni mbili. Lakini katika sharti la kaunti 24, robo ya Isiolo ni sawa na robo ya Nairobi.

Mfugaji wa Kipsing hupima uchumi kwa swali moja: mbuzi mmoja ananunua unga kiasi gani? Baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana tangu 2020, swali hilo halina mzaha. Na aliulize kila mgombea, wa serikali na wa upinzani.

Nasi walimu tuna somo letu. Oktoba 1997, uchaguzi ukibisha hodi, mgomo wa walimu ulimalizwa kwa ahadi ya nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200. Uchaguzi ulipopita, serikali ilidai haina fedha, na Oktoba 1998 walimu wakagoma tena. Basi tuwafundishe wanafunzi wetu, ambao baadhi yao watapiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2027, kumuuliza kila anayeahidi: fedha hizo zimo katika bajeti ya mwaka gani, na ni sheria ipi itakayokulazimisha kuzilipa?