Kabla Bumu Halijaishia Kwenye Prosesa

Bumu likitoka kila mtu ana ndoto yake. Muhula uliopita yangu ilikuwa i7. Laptopu yangu ni EliteBook 840 G1 ya mtumba, prosesa i5-4300U. Nikifungua azimio la kazi, andalio la somo na PDF mbili tu, inaganda. Fundi mmoja mtaani akaniambia, "Dogo, lete hela, nakufungia i7 leo leo." Hela nilishaitoa mfukoni. Iliyoniokoa ni herufi moja, hiyo U ya mwisho.

Iko hivi. Prosesa za Intel za laptopu za miaka ile zilifungwa kwa namna mbili. Kuna zinazokaa kwenye soketi: unachomoa, unapachika nyingine. Na kuna zilizochomelewa kwa risasi kwenye madabodi. Zenye U ziko kundi hili la pili, na HQ pia. Zenye M, MQ au QM mara nyingi ni za soketi. Nasema mara nyingi kwa sababu ThinkPad X220 ina i5-2520M na bado imechomelewa, kwa hiyo hakikisha kwa modeli yako. Kuanzia kizazi cha 5, Intel iliachana na soketi kwenye prosesa zake za laptopu. Sasa yule fundi angenifungia nini? Labda madabodi nzima.

Rumeti wangu yeye ana Latitude E6430 ya 2012, yenye i5-3320M. Hiyo inabadilishika. Tuliiwekea i7-3632QM, akatoka kori 2 kwenda 4, na zote mbili ni za wati 35, kwa hiyo feni haikupewa mzigo mpya. Angechukua i7-3740QM ya wati 45, ajiandae kwa joto.

Soketi kufanana pia hakutoshi. ThinkPad T420 ya 2011 na T430 ya 2012 zina soketi ileile, lakini bayosi ya T420 haikutengenezwa kuitambua prosesa ya kizazi cha 3. Utaipachika vizuri kabisa, halafu kioo kinabaki cheusi.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka utulivu. Toa betri. Fungua feni na bomba lake la shaba, zungusha kifungio cha soketi kwa bisibisi bapa, nyanyua prosesa wima. Kona yenye alama ikae kwenye kona yake. Usisukume! Vipini vya chini ni vyembamba, kimoja kikipinda umeumia. Kabla ya kurudisha feni, futa pesti ya zamani, paka mpya kidogo.

Lakini kabla ya yote hayo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, laptopu ikiwa imeelemewa, uangalie nani anagonga asilimia 100. Rumeti anahariri video, kwake ilikuwa prosesa kweli. Kwangu prosesa ilikuwa haifiki hata 30, diski ndiyo inakufa. Nikanunua SSD na kuongeza ramu, na bumu likabaki la kula.

Na ukibadilisha, prosesa ya zamani usimwachie fundi. Mpya ikigoma, ndiyo utakayoirudisha.