Upeo si Mwisho: Istilahi za Kiswahili katika Kufafanua Kutanuka kwa Ulimwengu

1. Utangulizi

Istilahi ya sayansi hubeba picha, na picha hiyo humwongoza msomaji hata pale mwandishi anapokusudia jambo jingine. Makala haya yanafafanua kutanuka kwa ulimwengu na mipaka ya kuutazama kwa kupima picha zilizomo katika istilahi tatu: mlipuko, kutanuka na upeo.

2. Mlipuko na kutanuka

Mwaka 1929 mwanaastronomia wa Marekani, Edwin Hubble, alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyozidi kasi ya kujitenga. Miaka miwili kabla yake, Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa ameutoa uhusiano huohuo katika milinganyo ya Einstein. Jina “Mlipuko Mkuu” ni tafsiri ya msemo alioutumia redioni mwaka 1949 Fred Hoyle wa Uingereza, ambaye mwenyewe aliipinga nadharia hiyo. Picha yake inapotosha. Mlipuko huwa na mahali ulipotokea, na vipande vyake hurushwa katika nafasi iliyokuwapo tayari. Katika nadharia hii, nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, wala haina kitovu. Unga wa mkate wenye zabibu unapoumuka, kila zabibu hutengana na nyingine zote, na zilizo mbali hutengana upesi zaidi, ingawa hakuna iliyotambaa ndani ya unga. Hata hivyo, mfano huu una kasoro: donge la unga lina ukingo, ilhali ulimwengu haujulikani kuwa nao.

3. Upeo

Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Umri wa ulimwengu hukadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8, na nuru inayohitaji muda zaidi ya huo bado haijafika duniani. Tena, katika miaka 380,000 hivi ya mwanzo, ulimwengu ulijaa gesi ya moto iliyozuia nuru kupita, mfano wa ukungu mzito. Mabaki ya nuru iliyoachiliwa ukungu huo ulipotoweka yalitangazwa mwaka 1965 na Arno Penzias na Robert Wilson. Kwa kuwa nafasi iliendelea kutanuka nuru hiyo ikiwa safarini, maeneo ilikotoka sasa yako umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 46.

Nahodha aliye katikati ya bahari huona maji na mbingu vikikutana, lakini hadhani kwamba bahari imekatika pale. Anajua kuwa upeo ni wa macho yake. Vivyo hivyo, mtazamaji aliye katika galaksi nyingine angekuwa na upeo wake. Tofauti ni kwamba nahodha anaweza kuufuata upeo. Tangu mwaka 1998 imebainika kuwa kasi ya kutanuka inaongezeka. Zipo galaksi zinazoonekana leo ambazo nuru zinayoitoa sasa haitafika duniani kamwe.

4. Hitimisho

Kitabu kinachouita mpaka huu “mwisho wa ulimwengu” kinamfundisha mwanafunzi jambo ambalo hakuna aliyelipima. Inafaa kuandika “upeo wa ulimwengu unaoonekana”, kutumia kutanuka kwa mchakato wenyewe, na kuliacha jina Mlipuko Mkuu libaki la kihistoria, likiandamana na ufafanuzi wake. Upeo hutaja kikomo cha kuona, bila kudai kikomo cha kuwapo.