Taa iliyofundishwa kudanganya

Waya wenyewe haukufika urefu wa kidole. Ulikuwa mwekundu, umechomelewa kwa risasi ncha zote mbili, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Ulikuwa nyuma ya dashibodi ya Toyota iliyolazwa kifudifudi juu ya meza ya fundi umeme wa magari, Ilala, Dar es Salaam. Ncha moja ilishika njia ya taa ya eabegi, ile inayomwonya dereva kwamba mfuko wa hewa una hitilafu na huenda usifumuke siku ya ajali. Ncha ya pili iliishia kwenye taa ya oili.

Nilikuwa nimekwenda mtaa ule kuulizia bei za spea. Baada ya kuuona waya ule sikuulizia tena.

"Huu kaweka mtu anayejua kazi," alisema fundi, akiugusa kwa ncha ya bisibisi. "Asiyejua angebandika tepu nyeusi, au angechomoa balbu. Huyu alitaka taa iwake kwanza, halafu izime. Alitaka mnunuzi aone kila kitu kizima."

Fundi huyu alianza kazi enzi za kabureta. Ameomba nisimtaje jina, kwa kuwa wanaofanya kazi kama ile ni majirani zake. Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza kijana anayejifunza kwake.

Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa nyingi za dashibodi huwaka kwa pamoja. Hapo gari linakuonyesha kwamba taa zake za kuonya ni nzima. Kisha kila taa huzima kwa wakati wake. Kompyuta ya eabegi hujikagua yenyewe, na isipoona kasoro huzima taa yake. Kwenye Toyota nyingi huchukua kama sekunde 6. Taa ya ABS nayo hujizimia. Taa ya oili haizimi, kwa sababu swichi yake inasubiri presha, na presha haiji mpaka injini izungushe pampu. Taa ya chaji nayo inasubiri injini izungushe oltaneta.

"Sasa sikiliza hapa, dada," alisema. "Eabegi haina habari na injini. Kwa hiyo fungua swichi, usipige stata, hesabu hadi kumi. Taa ya eabegi ikizima yenyewe, sawa. Isipowaka kabisa, uliza balbu imekwenda wapi. Ikikaa inasubiri, halafu ikazima sekunde ileile na taa ya oili injini inapowaka, hiyo imefungwa kamba. Inafuata mwenzake."

Hivyo ndivyo gari lile lilivyokuwa limefanywa. Taa ya eabegi ilikuwa imekatwa kutoka kwenye kompyuta yake na kuunganishwa na ya oili. Presha ikipanda, zote mbili zinazima, na aliyeketi kwenye usukani anaondoka ameridhika.

Mwenye gari, mama anayelitumia kupeleka wanawe shule, alikuwa amelileta kwa sababu mshale wa mafuta uligoma. Asingejua lolote. Fundi alipofungua kifuniko cha katikati ya usukani alikuta mahali pa mfuko ni patupu, na kifuniko kimerudishwa kwa gundi. Gari liliwahi kugonga, mfuko ukafumuka, na hakuna aliyenunua mwingine. Badala yake ukanunuliwa ukimya wa taa.

Madereva wengi wanajua kwamba taa nyekundu inataka usimame na ya njano inataka ukague mapema. Fundi anasema tatizo lipo kwenye kuamini. Taa ya oili ikiwaka njiani, mtu husema atafika kwanza nyumbani. "Ile taa haisemi oili imepungua kidogo. Inasema presha hakuna, chuma kinasaga chuma. Zima hapohapo. Ukilazimisha, metali zinakwenda, injini inanoki." Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, unaweza kwenda taratibu hadi kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kodi. Ikipepesa, kwa kawaida kuna silinda isiyochoma vizuri, na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti kwenye ekzosi.

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima ikipata moto, na nyekundu ikichemka. Fundi hupokea magari ambayo buluu yake haizimi hata baada ya safari ndefu. Akifungua, mara nyingi hukuta thamostati imetolewa, kwa ile hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Matokeo yake injini haifikii joto lake na inakunywa mafuta zaidi. Balbu ya chaji nayo huchomolewa kama kero. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaoamsha oltaneta hupita kwenye balbu hiyohiyo, kwa hiyo ukiichomoa oltaneta inaweza isichaji kabisa.

"Gari linasema na wewe, unaliziba mdomo," alisema. "Halafu unaniletea likiwa limekufa, unataka bei nafuu."

Nilimuuliza kama yeye amewahi kuunganisha waya wa namna ile. Alifuta mikono kwa kitambaa kabla ya kujibu. "Nimeombwa mara nyingi. Zamani nilifanya. Mteja anakwambia gari ni langu, taa ni yangu. Ukikataa anavuka barabara, anafanyiwa. Eabegi na kompyuta yake ni pesa. Waya ni wa bure."

Siwezi kulipuuza jibu hilo. Magari yetu mengi huja yametumika na hupita mikono mitatu, minne. Kila mwenye nalo anajua siri ambayo anayefuata haijui, na mtihani wa sekunde kumi haufundishwi kwa wanunuzi. Hata wanaoujua hawako salama: kwenye dashibodi mpya taa nyingi huamriwa na kompyuta, na aliye na ujuzi anaweza kuigeuza bila kuacha waya wa kuonekana. Nani atamlinda mnunuzi huyo? Na anayelipwa kuzima onyo la mwili wa mtu mwingine, tumwite fundi bado?

Mama alipofika, alisikiliza yote akiwa amesimama. Pesa ya eabegi hana, na dalali aliyemuuzia hapokei simu. Aliuliza jambo moja: waya ukitolewa, taa itawaka kila siku?

"Kila siku, mama. Na mimi siurudishi."

Akakubali utolewe. Alipoondoka nilimuuliza fundi kama, siku akiliuza, mama yule atapaswa kumwambia mnunuzi, hata kama bei itashuka na yeye mwenyewe alidhulumiwa.

"Taa itamwambia," alisema fundi. "Kama hajapata fundi mwingine."