Kadi ya mkopo na mkopo wa simu: turudi kwenye fedha iliyo mkononi

Zamani mtu akikopa alimwona anayemkopesha. Alikwenda dukani, akasimama mbele ya mwenye duka, akaomba, na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Akipita tena njia ile bila kulipa, macho yalikutana. Haya ile ilikuwa kinga, kwa sababu ilimfanya mtu ajiulize mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Leo mkopo unapatikana usiku wa manane, kitandani, kwa kubonyeza tarakimu chache, na hata anayelala ubavuni hajui. Ni mabadiliko makubwa ambayo familia nyingi za Kiislamu zimeyapokea bila kuyatafakari, na ndiyo tunayotaka kuyaangalia juma hili.

Tuanze na kadi ya mkopo, maana ndiyo mama wa mambo haya. Mwaka 1950 katika jiji la New York, Frank McNamara na wenzake walianzisha kadi ya Diners Club. Mwenye kadi alikula hotelini bila kutoa fedha, na mwisho wa mwezi akatakiwa kulipa deni lote. Miaka minane baadaye, mwaka 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi zipatazo 60,000 ambazo hawakuziomba. Kadi hizi zilikuwa na jambo jipya: mwenye nayo hakulazimika kulipa deni lote. Aliruhusiwa kulipa sehemu ndogo, na kilichobaki kikasogezwa mwezi unaofuata pamoja na riba. Mwaka 1970 Marekani ilipiga marufuku kuwatumia watu kadi wasizoziomba, lakini utaratibu wa kuzungusha deni ulikwishaenea. Kadi ile ya Fresno ndiyo iliyokuja kuitwa Visa.

Tofauti ya kadi hizo mbili si ndogo, na wanazuoni wetu wameitazama kwa makini. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Riyadh mwaka 2000, likatoa azimio namba 108. Kwa ufupi, azimio hilo linasema haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa kabla ya muda wa msamaha kwisha. Wapo Waislamu wanaosema, “Mimi hulipa mapema, riba hainigusi.” Jibu la wanazuoni hao ni kwamba tatizo linaanzia kwenye saini, kwa kuwa mtu amekubali kwa hiari yake sharti la haramu endapo atachelewa. Ama kadi ya benki inayokata fedha zilizomo tayari kwenye akaunti ya mtu, hiyo haina mushkeli, kwa sababu anatumia mali yake.

Wengi wetu katika Afrika Mashariki tutasema kadi za namna hiyo ni za watu wa Ulaya, Marekani na Ghuba. Ni kweli kwamba ndugu zetu walioko Dubai, Muscat au London ndio wanaokutana nazo kila siku. Lakini sisi kadi yetu imo ndani ya simu. Novemba 2012 kampuni ya Safaricom ya Kenya, kwa kushirikiana na benki, ilianzisha M-Shwari, na mkopo wake wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Mtu akisikia saba na nusu huona ni kidogo. Azidishe kwa miezi 12, atapata asilimia 90 kwa mwaka. Januari 2019 ikafuata Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa hata kama salio lake halitoshi. Tanzania nayo ina huduma za namna hiyo, achilia mbali ile mikopo ya mitaani ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linaloistahiki, kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni.

Jina linaweza kuwa ada, tozo, au gharama za huduma. Lakini fedha inayokopeshwa na kurudishwa ikiwa na nyongeza iliyoshurutishwa kwa sababu ya mkopo, kubadilisha jina hakubadilishi hukumu yake. Asiye na uhakika na mkataba aliojiunga nao aupeleke kwa mwanachuoni anayeijua fiqhi ya biashara, asijifutie mwenyewe.

Hesabu inayofichwa

Tuchukue mfano. Mtu ana deni la shilingi 1,000,000 kwenye kadi, riba ni asilimia 2 kwa mwezi, na masharti yanamtaka alipe angalau asilimia 3 ya deni kila mwezi. Akilipa kiwango hicho cha chini kwa uaminifu mwaka mzima, atakuwa ametoa kiasi cha shilingi 346,000. Deni lake litakuwa limepungua kwa shilingi 120,000 tu. Zilizobaki, kiasi cha shilingi 226,000, zimeliwa na riba. Amefanya kazi, ametoa jasho, amelipa kila mwezi, na bado anadaiwa shilingi 880,000.

Hasara nyingine haionekani kwenye karatasi. Mwaka 2001 watafiti wawili, Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwaambia wanafunzi wataje bei ambayo wangekuwa tayari kulipa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Kundi moja liliambiwa litalipa kwa fedha taslimu, jingine kwa kadi. Wale wa kadi walitaja, kwa wastani, bei iliyozidi mara mbili ya wale wa fedha taslimu. Tiketi ilikuwa ile ile. Noti inapotoka mkononi mtu huhisi kupungukiwa, na hisia hiyo ni neema, kwa kuwa inamzuia. Anayebonyeza tu hahisi kitu mpaka siku ya kudaiwa.

Deni lisilojulikana na mirathi

Uislamu haukuharamisha deni. Mtume Muhammad (SAW) mwenyewe alinunua chakula kwa Myahudi kwa malipo ya baadaye na akaweka rehani deraya yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat al-Baqara, inafundisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Na kumkopesha ndugu bila nyongeza ni ibada yenye malipo makubwa. Lakini Mtume (SAW) pia alikuwa akimwomba Allah amlinde na mzigo wa deni, na imepokewa kwamba liliwahi kuletwa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari 3, hakuacha cha kulipia, na Mtume akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada (RA) alipochukua dhamana ya kulilipa.

Hapa ndipo mkopo wa simu unapotisha zaidi. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Allah (SW) ameamuru mirathi igawanywe baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Deni la dukani lilijulikana. Baba akifariki, mwenye duka alikuja msibani na daftari lake. Sasa mtu anafariki akiwa na mikopo mitatu au minne ndani ya simu yenye nywila anayoijua yeye peke yake. Laini inazimwa, warithi wanagawana, na marehemu anabaki na haki za watu shingoni. Nani atamlipia deni ambalo hakuna anayelijua?

Wala si kwa maiti tu. Ndoa nyingi zinabeba siri hii. Mume anaficha kwamba mshahara umekwisha kukatwa kabla haujafika nyumbani, mke anaficha kwamba nguo za Idi na mchango wa harusi ya shoga yake vilitokana na mkopo. Kila mmoja anamshuku mwenzake kwa ubahili au kwa matumizi mabaya, na ugomvi unazuka juu ya chumvi ilhali chanzo chake ni deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Njia ya kurudi

Kwanza, mume na mke wakae pamoja, ikiwezekana baada ya swala ya Isha watoto wakishalala, na kila mmoja aweke simu yake mezani. Yaandikwe madeni yote: anayedai, kiasi, nyongeza na tarehe. Kikao hiki si cha kulaumiana. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na wasia.

Pili, mlango ufungwe. Huduma ya kukopa kwenye simu iondolewe, kadi ya mkopo irudishwe benki na akaunti yake ifungwe rasmi mara deni likiisha. Kuikata kwa mkasi tu hakufungi akaunti.

Tatu, yaanze kulipwa madeni yenye nyongeza kubwa. Kama yupo ndugu mwenye uwezo, aombwe mkopo mwema usio na nyongeza ili deni la riba lizimwe mara moja, na huo nao uandikwe na ulipwe kwa wakati. Nanyi wenye nafasi, mjue kwamba huenda sadaka bora ya mwaka huu ni kumtoa jamaa yenu kwenye kausha damu.

Nne, nyumba iishi kwa bahasha. Tuseme kipato ni shilingi 600,000. Kodi ya nyumba 120,000, chakula 240,000, nauli 80,000, ada ya watoto 50,000, umeme na maji 30,000, sadaka na jamaa 20,000, madeni 30,000, na kibubu cha dharura 30,000. Bahasha ya chakula igawanywe tena mara nne, 60,000 kwa kila wiki. Ikiisha Alhamisi, Ijumaa tunapika kilichopo. Asiyetaka kuweka fedha nyingi ndani kwa kuhofia wezi au moto aziache benki au kwenye simu, na atoe za wiki moja tu. Muhimu ni kutumia kilichopo.

Tano, kibubu kisidharauliwe. Mikopo mingi huanzia kwenye dharura ndogo: mtoto kuugua usiku, bati kuvuja, msiba wa mkoani. Shilingi 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka, na hizo zinatosha kuzima dharura nyingi za namna hiyo. Mchezo wa kina mama, ambao kila mmoja hupokea kile kile alichochanga, nao ni msaada mkubwa usio na nyongeza.

Hatusemi kwamba njia hii ni nyepesi. Miezi ya mwanzo itauma, hasa kwa aliyezoea kuvuka tarehe ishirini kwa kukopa. Zitapita harusi ambazo mchango wetu utakuwa mdogo, na huenda ikapita Idi moja ambayo watoto watavaa kanzu za mwaka jana zilizofuliwa na kupigwa pasi vizuri. Waambiwe sababu. Mtoto aliyeiona bahasha ikiisha na wazazi wakasubiri amejifunza jambo ambalo hatalipata darasani.

Mtu asiyedaiwa hulala usingizi mtamu, hupokea simu bila kutetemeka, na hata kama chakula chake ni kidogo, ni chake. Tunamwomba Allah (SW) atutosheleze kwa halali Yake, atulipie madeni yetu, na awasamehe wazee wetu waliotangulia wakiwa na madeni tusiyoyajua. Amin.