"In" ya Kiingereza: Si Kila Mara Hukanusha

Katika Kiswahili, tukitaka kukanusha sifa ya kitu twatia "si": kitu kiwakacho, kitu kisichowaka. Asikiaye hapotei. Kiingereza nacho kina silabi yake ya kukanushia, nayo ni "in". "Correct" ni sahihi, "incorrect" ni isiyo sahihi. Mwanafunzi hulishika jambo hilo kama sheria, na walimu wengi humwachia hapo. Sisi twaona hawafanyi vema.

Maana mtu huyo na asimame mbele ya pipa la petroli lililoandikwa "inflammable". Atajiambia kwamba "flammable" ni yenye kuwaka, basi hii ndiyo isiyowaka, na sigara yake ataiwasha papo hapo. Kumbe maneno hayo mawili yana maana moja tu: chenye kushika moto upesi! "In" hii haikanushi. Asili yake ni Kilatini, katika neno la kutia moto. Tena "inflammable" ndilo la zamani, na "flammable" lilikuja nyuma yake. Hata wenye lugha walihofu, na katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kukinga moto, National Fire Protection Association, kilihimiza watu waandike "flammable". Lakini lile la kwanza halikutoweka. Kisichowaka huandikwa "non-flammable"; msomaji asipoiona "non", moto na auweke mbali.

Maneno mengine hayachomi nyumba, ila huchoma jina la mtu. "Valuable" ni chenye thamani, na "invaluable" ni chenye thamani kubwa hata haikadiriki. Kisicho na thamani ni "worthless". Basi aliyeandikiwa kwamba msaada wake ulikuwa "invaluable" asinune, amesifiwa mno.

La kuogopwa zaidi ni "infamous". "Famous" ni mashuhuri. Wengine hudhani "infamous" ni asiyejulikana, wengine hudhani ni umashuhuri uliozidi. Sivyo: ni mwenye sifa ya aibu, na kwa Warumi wa kale aliyetiwa aibu hiyo kwa sheria alipoteza baadhi ya haki za uraia. "Notorious" ni jirani yake, ajulikanaye kwa ubaya, kama mwizi mzoefu. Mgeni wa heshima akikaribishwa kwa hotuba ya Kiingereza, aitwe "famous" au "renowned". Na msomaji wa hotuba aangalie ulimi wake: "famous" hutamkwa "feimas", bali "infamous" hutamkwa "infamas", na mkazo huwa juu ya "in".