Kusema Mbele ya Watu

Wenzangu, na ninyi wazee mliopita shuleni hapa kabla yetu, Mhariri ameniomba nieleze ni kitu gani hasa kinachoifanya hotuba iwavute watu. Nadhani amenichagua mimi kwa kuwa alisikia jinsi yangu ilivyoanguka.

Hapa Mudende, kama kote Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hufanya kazi ya umuganda, kisha huketi na kuzungumza. Mwezi mmoja wa mvua chama chetu cha wanafunzi kilinituma niwahimize watu wachimbe mitaro ya kuongoza maji yateremkayo mlimani. Niliandika kurasa nne. Nikaanza na maana ya neno "mazingira," nikazunguka dunia nzima, nikataja hata barafu ya kaskazini! Watu wale walikuwa wameshika majembe tangu asubuhi. Nilipofika ukurasa wa tatu mzee mmoja alikuwa amesinzia, na makofi niliyopigiwa mwisho yalikuwa ya adabu tu.

Ndipo akasimama mama mmoja mkulima. Akauliza, "Mvua ya juzi ilichukua viazi vya nani?" Akanyamaza. Mkono mmoja ukainuka, kisha mingine mingi. Akawakumbusha usiku ule wa Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika huko chini wilayani kwetu, nao watu zaidi ya 130 wakafa, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Kisha akasema, "Shamba langu liko juu ya yenu, maji huanzia kwangu. Jumanne naanza kuchimba. Mwenye jembe na aje." Kijana mmoja akapinga: mtaro ule ungemwaga maji shambani kwake. Mama hakukasirika, alimsikiliza, wakakubaliana kuupitisha upande mwingine. Jumanne watu walikwenda, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Nimelifikiri sana jambo hili. Mama alianzia pale walipo wasikilizaji, mimi nilianzia vitabuni. Aliuliza akangoja jibu. Aliomba kitu kidogo chenye siku yake, nami niliomba watu "wabadilike," jambo ambalo hakuna awezaye kulifanya Jumanne. Zaidi ya yote, mzigo aliujitwika kwanza yeye mwenyewe.

Hili la mwisho nililiona pia katika habari za Mwalimu Julius Nyerere. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kushauriana juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wameazimia kuususia, maana TANU yenyewe iliichukia sheria ile. Nyerere akawashawishi waingie. Naamini hawakuvutwa na ufasaha peke yake, maana mbele yao alisimama mtu aliyeacha kazi yake ya ualimu katika shule ya misheni ya Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya chama. Baadaye shauri lile likaitwa Uamuzi wa Busara.

Lakini kuna upande mwingine, na sisi wa sehemu hizi hatuwezi kuupita kimya. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, ambako siku zile kulikuwa katika mkoa wa Gisenyi, Léon Mugesera, msomi wa elimu ya lugha, alihutubia mkutano wa chama chake. Naye aliwajua wasikilizaji wake. Naye alianzia kwenye hofu yao. Aliwaambia kwamba wasipoua watauawa, akataja mto Nyabarongo kuwa njia ya kuwarudishia Watutsi Ethiopia. Maneno yale yalinaswa katika kaseti. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto ule ulibeba maiti. Canada ilimrudisha Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Basi hofu yaweza kutumiwa na mama wa mitaro, na yaweza kutumiwa na mtu wa Kabaya. Tofauti nimeitafuta katika maneno yenyewe nisiipate yote. Naiona zaidi kwa wale wanaosemwa. Kijana wa shamba la chini alikuwapo, akapinga, na mtaro ukahamishwa. Tabora nako waliopinga walisema na kura zikahesabiwa. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaunda chama chake. Kabaya, waliosemwa hawakupewa nafasi ya kujibu hata neno moja.

Mwezi ujao nimeomba nafasi tena, juu ya kusafisha mitaro ile ile. Safari hii nina nusu ukurasa. Nimekwenda kumsomea kwanza yule kijana wa shamba la chini, naye amekwisha kunionya kwamba siku hiyo ana maswali mawili.