Fahamu: Filamu ya Idi Amin ina ukweli kiasi gani?

Ukiitazama The Last King of Scotland (2006) kwenye banda umiza pale Mpuguso, wilayani Rungwe, unaweza kutoka ukiamini kwamba Idi Amin, mtawala wa Uganda, alikuwa na daktari Mskoti aitwaye Nicholas Garrigan. Hakuwepo. Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya yake ya 1998. Anayemkaribia ni Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mshauri wa Amin, naye hakuwa daktari.

Kubuni shahidi kunaeleweka. Mtazamaji anahitaji mtu wa kumfuata. Linalonikera ni Kay, mke wa Amin. Alikufa kweli mwaka 1974, mwili wake ukakutwa umekatwakatwa. Filamu ikambebesha mapenzi na huyo daktari wa kubuni, kisha ikakifanya kifo chake kuwa adhabu ya mapenzi hayo. Hapo walivuka mpaka.

Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 ni kweli, na mateka wa Entebbe mwaka 1976 pia. Hadithi inakomea hapo, kabla ya Vita vya Kagera. Katika vita hivyo, majeshi ya Tanzania yaliiteka Kampala Aprili 1979. Sehemu hiyo waulize wazee waliopigana.